Breathe (filamu ya 2017)

Breathe ni filamu ya Uingereza iliyotoka mwaka 2017. Inasimulia maisha ya kweli ya Robin Cavendish, dalali wa chai aliyepooza kwa polio akiwa Kenya mwaka 1958, na ya mkewe Diana. Imeongozwa na Andy Serkis kutokana na muswada wa William Nicholson. Andrew Garfield ameigiza kama Robin na Claire Foy kama Diana. Mtayarishaji wake, Jonathan Cavendish, ni mtoto wa wanandoa hao hao, na undugu huo unaonekana kote katika filamu: kwa upande mmoja kuna mambo ambayo ni mtu wa nyumbani tu angeyajua, na kwa upande mwingine kuna aibu za ndani ambazo mtoto hapendi kuzianika.

Hadithi

Robin, mwanajeshi aliyekwisha acha jeshi, anamwona Diana kwenye mechi ya kriketi huko Uingereza. Haichukui muda wanaoana na kwenda Kenya, ambako Robin anafanya biashara ya chai. Sehemu hii ya mwanzo inapita haraka: vilima, ndege ndogo, jua la jioni. Kenya ya wakati ule ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 na kuondolewa mwaka 1960, na mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulikuwa na umri wa miaka miwili tu, ukifanyika Nairobi kabla ya kuhamia Mombasa mwaka 1969. Hayo yote filamu imeyaacha nje. Hakuna hata Mwafrika mmoja mwenye nafasi ya maana katika hadithi. Nchi imetumika kama pazia la nyuma.

Diana akiwa mjamzito, Robin anaanza kuumwa viungo baada ya kucheza tenisi, na usiku huo huo anaanguka. Anapozinduka hawezi kusogeza kitu chochote kuanzia shingoni kwenda chini, wala kupumua bila mashine. Madaktari wanampa miezi mitatu. Anarudishwa Uingereza na kulazwa, na hapo anaomba aachwe afe. Mtoto wake mchanga akiletwa, anageuza macho pembeni.

Diana hamkubalii. Anamuuliza angependa afanyiwe nini, naye anajibu kwamba anataka kutoka hospitalini. Mkuu wa wodi anawaonya kwamba akitoka hatachukua muda atakufa. Liwalo na liwe, wanaondoka naye. Katika miaka ile karibu hakukuwa na mgonjwa wa hali yake aliyekuwa akiishi nyumbani.

Hapo ndipo filamu inapopata pumzi yake yenyewe. Tukio moja linatosha kuonyesha jinsi maisha hayo yalivyokuwa. Mbwa wa nyumbani anapita karibu na kitanda na kuichomoa plagi kwenye soketi. Mashine inanyamaza. Robin hana hewa ya kuitia sauti, kwa hiyo hawezi kuita, na Diana hayuko chumbani. Hakuna adui, hakuna kosa la daktari. Ni waya tu ulioanguka sakafuni. Mapenzi katika filamu hii yanapimwa kwa kazi za namna hiyo kuliko kwa maneno matamu: nani yuko karibu na plagi, nani anajua kupampu kwa mkono, nani atakesha.

Ugonjwa na mashine

Virusi vya polio vinapoingia kwenye uti wa mgongo huharibu seli za neva zinazoamrisha misuli. Zile zinazopeleka hisia kwenye ubongo kwa kawaida hubaki salama. Ndiyo maana mgonjwa kama Robin anahisi baridi, mguso na mwasho, ila hawezi kujikuna. Chanjo ya Jonas Salk ilikuwa imetangazwa tangu Aprili 1955, miaka mitatu kabla hajaugua.

Awali, waliopooza misuli ya kupumua waliwekwa ndani ya pafu la chuma, pipa kubwa lililoanza kutumika Boston mwaka 1928, ambalo liliufunika mwili wote na kuacha kichwa tu nje. Mlipuko wa polio wa Copenhagen mwaka 1952 ulileta njia nyingine. Daktari Bjørn Ibsen alielekeza wagonjwa watobolewe koo na kusukumiwa hewa moja kwa moja, na wanafunzi wa udaktari wakapokezana zamu mchana na usiku kuminya mifuko ya hewa kwa mikono. Mashine ya Robin ni ya ukoo huo: mvukuto unaosukuma hewa kupitia tundu la kooni. Bila mabadiliko hayo asingeweza kukaa kitini, sembuse kusafiri.

Mwaka 1962 rafiki yake Teddy Hall, mwanasayansi wa Oxford ambaye miaka ya 1950 alishiriki kufichua udanganyifu wa fuvu la Piltdown, alimsaidia kubuni kiti cha magurudumu chenye mashine ya kupumulia ndani yake. Katika filamu nafasi hiyo ameichukua Hugh Bonneville. Kiti hicho ndicho kinachoiwezesha familia kusafiri hadi Hispania. Mashine inaungua njiani, na familia inabaki kando ya barabara ikimpampu Robin kwa mkono hadi fundi afike kutoka Uingereza, huku wanakijiji wakikusanyika na tukio likageuka kuwa sherehe. Mashemeji wa Robin, kaka mapacha wa Diana, wameigizwa wote wawili na Tom Hollander.

Tukio la Ujerumani lina makali kuliko yote. Robin anaonyeshwa wodi ya kisasa, nyeupe, safi kupindukia, ambamo wagonjwa wamepangwa ndani ya mapafu ya chuma, vichwa tu vikionekana. Wenyeji wanaionea fahari. Yeye anawaona wafungwa.

Maisha halisi

Robin Cavendish alizaliwa mwaka 1930 na kufariki Agosti 1994 akiwa na miaka 64. Pamoja na kiti, alishirikiana na watafiti wa Hospitali ya Stoke Mandeville kuendeleza Possum, kifaa kilichomwezesha mtu aliyepooza kupiga simu au kuwasha televisheni kwa kusogeza kichwa. Alichangisha fedha ili wengine nao wapate viti, na miaka ya 1970 alishirikiana na Dk. Geoffrey Spencer wa Hospitali ya St Thomas', London, kuanzisha nyumba ya mapumziko ya watu wenye ulemavu mkubwa huko Netley, kusini mwa Uingereza. Alitunukiwa nishani ya MBE. Kazi hii ya miaka mingi filamu imeigusa juu juu, ingawa pengine ndiyo iliyowafaa watu wengi zaidi.

Mapokezi

Filamu ilionyeshwa kwanza Toronto Septemba 2017, kisha ikafungua Tamasha la Filamu la London mwezi uliofuata. Ilikuwa ya kwanza ya Serkis kutoka akiwa mwongozaji. Watazamaji walimjua zaidi kama mwigizaji wa mhusika Gollum. Garfield alisifiwa kwa kuigiza kwa uso na sauti peke yake, kwani mgonjwa wa namna hii huzungumza kwa kufuata mwendo wa mashine. Foy naye anabeba uzito mkubwa kwa utulivu.

Lawama kubwa ilikuwa kwamba filamu ina sukari nyingi. Ni kweli. Uchovu wa Diana hauonekani vya kutosha, na marafiki wenye nafasi wanajitokeza kila panapohitajika kitu, kana kwamba kila mgonjwa wa polio alikuwa na profesa wa Oxford wa kumtengenezea kiti. Wapo pia wanaohoji kwa nini wahusika wenye ulemavu huigizwa na waigizaji wasio nao.

Mwaka mmoja kabla, filamu ya Me Before You ilipingwa na wanaharakati wa haki za watu wenye ulemavu kwa kumwonyesha kijana aliyepooza akichagua kufa licha ya kupendwa. Breathe nayo inamalizika kwa Robin kuamua siku yake ya mwisho, baada ya mapafu yaliyochoshwa na miaka ya mashine kuanza kutoka damu. Tofauti ni kwamba uamuzi huo unakuja baada ya mtazamaji kumwona akimlea mwanawe hadi utu uzima. Aliyepewa miezi mitatu aliishi karibu miaka 36.