Stokingi na Makubadhi

Ati gauni bila stokingi ni uchi, hata ukivaa makubadhi? Mimi nauliza kwanza: sheria hii ilitoka wapi?

Nailoni ilibuniwa Marekani mwaka 1935, katika maabara ya DuPont. Mei 1940 stokingi zake zikauzwa nchi nzima. Vita ikaja, nailoni ikaenda kwenye miavuli ya askari, na wanawake wakabaki kujipaka rangi miguuni na kujichorea mshono nyuma kwa penseli ya wanja. Hebu fikiria! Kumbe kilichodaiwa ni mguu uonekane umevikwa, basi. Mwaka 1959 zikatoka za kufika kiunoni, na mini za miaka ya 1960 zikazipa soko.

Tena ile rangi walioiita “ya mwili.” Mwili wa nani? Wa Mzungu. Dada zetu mijini wakavaa miguu ya watu wengine, jasho likiwatoka, eti ndiyo ofisi. Kwenye makubadhi ndiyo vichekesho: mshono unachungulia vidoleni!

Anayezipenda avae. Ila bosi atakayenidai stokingi, naye atembee nazo Kariakoo saa saba mchana, halafu tuongee.