Wingifoili kwa Anayeanza: Mwongozo kwa Vijana wa Kotile na Wenzao wa Pwani

Tangu simu za kisasa zifike vijiji vya ukingo wa Mto Tana, vijana wetu wanaona mengi. Mojawapo ni mchezo wa mtu aliyesimama juu ya ubao, ameshika bawa mkononi, huku ubao wenyewe haugusi maji. Kijana wa Kotile akitazama hilo, kisha akitazama mto unaopita nyuma ya kwao, wazo la kujaribu haliko mbali. Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazazi wake. Inaeleza mchezo huu ni nini, unaanzwa vipi, wapi, na kwa nini mto si mahali pake.

Ni mchezo gani huu?

Jina lake ni wingifoili. Una vitu vitatu. Cha kwanza ni bawa la kitambaa linalojazwa upepo kwa pampu na kushikwa kwa mikono miwili. Halina mlingoti, wala halikufungwa kwenye ubao. Cha pili ni ubao wa kusimamia. Cha tatu ni foili yenyewe: mguu mrefu uliofungwa chini ya ubao, na kwenye ncha yake mabawa madogo yanayokata maji.

Siri iko kwenye foili. Ubao ukishika kasi, maji yanayopita kwenye yale mabawa ya chini huyanyanyua, kama hewa inavyonyanyua bawa la ndege. Ubao ukishatoka majini, msuguano hupungua sana, na upepo wa wastani unatosha kumpeleka mtu kwa kasi.

Elimu ya foili si ya jana. Enrico Forlanini wa Italia alijaribu chombo cha namna hii katika Ziwa Maggiore mwaka 1906. Mwaka 1919 chombo HD-4 cha Alexander Graham Bell, yule wa simu, kilipita kilomita 110 kwa saa juu ya maji. Bawa la kushika mkononi nalo lilijaribiwa kwa namna mbalimbali miaka ya nyuma, lakini mabawa ya kujaza upepo tunayoyaona leo yaliingia madukani karibu na mwaka 2019. Kwa hiyo huu bado ni mchezo mchanga. Anayeanza leo hajachelewa.

Upepo wetu na majira yake

Hapa mtu wa pwani ana mtaji ambao mgeni hulipia kuufundishwa. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi huanza baada ya hapo na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, na nguvu yake kubwa ni kati ya Juni na Agosti. Baina ya misimu hiyo upepo huyumba na mvua huingia. Huo si wakati wa kujifunza.

Anayeanza anahitaji upepo wa kilomita 22 hadi 35 kwa saa. Chini ya hapo atachoka bila kunyanyuka. Juu ya hapo bawa litamtawala yeye. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa ilani wakati upepo wa baharini unapozidi noti 25, yaani mita 12.9 kwa sekunde. Ilani hiyo ikitoka, mwanafunzi abaki nchi kavu, hata kama wakubwa wanaingia.

Mwelekeo una uzito kuliko nguvu. Upepo mzuri kwa mwanafunzi ni ule unaopita ubavuni mwa ufuo au kuelekea nchi kavu kidogo. Ukikushinda, utakurudisha ufuoni. Upepo wa kutoka nchi kavu kwenda baharini, kama umande wa alfajiri, unadanganya: karibu na ufuo maji ni shwari, lakini kila dakika unasukumwa nje. Wavuvi huutumia kutokea. Mwanafunzi asiuguse.

Maji kujaa na kupwa

Foili ya mwanafunzi ina mguu wa sentimita 60 hadi 75. Ikigonga mwamba au fungu la mchanga, ubao husimama ghafla na mtu huruka mbele. Kwa hiyo fanya mazoezi maji yanapokufika kifuani au zaidi, mahali unapojua chini kuna mchanga.

Pwani yetu hupishana sana maji ya kujaa na ya kupwa. Siku za bamvua tofauti inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ule ule tunaoutazama kwa ajili ya Ramadhani ndio unaotupa hesabu: bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huwa katikati yake. Siku za bamvua maji hupwa sana katikati ya asubuhi, kisha hujaa alasiri. Muulize mvuvi wa pale ulipo kabla ya kuingia. Atakwambia pia miamba iko wapi, na mkondo unavuta upande gani.

Kwa nini si Mto Tana

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, na kwa watu wa Kotile ni maji ya kunywa, ya mifugo na ya shamba. Lakini kwa mchezo huu haufai, na sababu ni wazi.

Kwanza, una mamba na viboko. Mwanafunzi wa wingifoili huanguka mara nyingi sana kwa saa moja, na kila akianguka anapiga kelele majini na kukaa hapo akihangaika na vifaa. Hiyo ni kumwita mamba. Pili, maji ni ya tope, na magogo yanayoelea hayaonekani mpaka yamekugonga. Tatu, miti ya ukingoni huvunja upepo, ukaja kwa vipande. Nne, mkondo hausimami, na wakati wa mafuriko humchukua hata muogeleaji hodari.

Wala asiseme mtu kwamba ataanza na mto kidogo halafu aende baharini. Wazee wanaovusha watu kwa mtumbwi wanaujua mto huu vizuri, na ndiyo maana hawachezi ndani yake. Kipini, mto unapoingia baharini, ni karibu zaidi kwa ramani, lakini mdomo wa mto una mikondo, matope na hatari zile zile. Kijana wa Kotile ashuke Garsen, kisha aelekee Malindi na kusini yake, au Lamu.

Mahali pa kujifunzia

Kenya, ufuo wa kaskazini mwa Malindi, Watamu, na Diani hadi Galu umezoewa na wanaocheza kwa upepo tangu enzi za michezo ya tiara. Sehemu nyingi zina mwamba unaovunja mawimbi makubwa, na ndani yake maji ni tulivu. Unguja, Paje inajulikana duniani kwa michezo hii. Huko Paje na Jambiani kuna mashamba ya mwani ya kina mama, yenye vigingi na kamba chini ya maji. Kigingi kitakuumiza wewe, na foili itakata jasho la mtu. Usipite juu yake.

Vifaa vya mwanafunzi

Kosa la wengi ni kununua vifaa vidogo vya mabingwa kwa sababu vinapendeza kwenye video. Mwanafunzi anataka vikubwa.

Ubao: chukua uzito wako kwa kilo, ongeza 20 hadi 40, upate lita za ubao. Mwenye kilo 70 atafute ubao wa lita 90 hadi 110.

Bawa: mita mraba 5 au 6 kwa mtu mzima wa kawaida katika upepo wa wastani.

Foili: bawa la mbele liwe pana, kiasi cha sentimita mraba 1,500 hadi 2,000. Hilo hunyanyuka kwa mwendo mdogo na halina papara.

Usalama: kofia ngumu, jaketi la kuelea, viatu vya majini, kamba ya kukufunga na ubao na nyingine ya bawa, na filimbi. Nguo ndefu ya kubana ya mikono mirefu huzuia jua na mikwaruzo, na pia ni sitara kwa wanaume na wanawake. Foili ni kali. Mchezaji huumia kwa chombo chake mwenyewe mara nyingi kuliko kwa bahari.

Seti mpya hufika laki kadhaa za shilingi. Usinunue kabla ya kujifunza. Kodi pamoja na mwalimu, na ukishajua unachotaka, tafuta iliyotumika.

Hatua kwa hatua

Sifuri ni kuogelea. Asiyeweza kuogelea mita 200 kwa utulivu bila kugusa chini, aanze na hilo kwanza. Jaketi ni msaada, si mbadala.

Hatua ya kwanza iko mchangani. Simama upepo ukiwa mgongoni, shika bawa juu ya kichwa, lisikilize. Mkono wa mbele unaelekeza, mkono wa nyuma unavuta nguvu. Ukizidiwa, achia mkono wa nyuma: bawa litapoa lenyewe.

Hatua ya pili ni bawa na ubao mpana usio na foili. Hapa unajifunza kwenda, kusimama na kurudi ulikotoka. Aliyewahi kupiga mbisho kwa ngalawa atafika haraka, kwa sababu hesabu ya upepo ni ile ile. Usiguse foili mpaka uweze kurudi pale ulipoingilia.

Hatua ya tatu, foili. Itoe mpaka maji ya kina huku umeshika ubao kwa ubavu. Panda kwa magoti, nyanyua bawa, upate mwendo. Kisha simama, mguu mmoja baada ya mwingine, macho mbele. Ukitazama miguu utaifuata majini.

Hatua ya nne, kunyanyuka. Mwendo ukikolea, ubao utapanda wenyewe. Papo hapo egemea mguu wa mbele kuushusha. Mara za kwanza kaa chini chini, utoke majini kidogo na kutua. Foili ikipanda mpaka itoke majini, inapoteza nguvu na unaanguka kwa kishindo.

Ukianguka, jitupe mbali na ubao, upande au nyuma, usijitupe mbele. Ukiibuka, tanguliza mikono kulinda kichwa. Upepo ukikufa, lala juu ya ubao, buruta bawa, piga kasia kwa mikono. Usiuache ubao kamwe: ndio boya lako, na ndicho kitu kinachoonekana kwa mbali.

Usiende peke yako, na mtu wa nchi kavu ajue saa utakayorudi. Mwenye saumu asubiri baada ya Magharibi kupanga siku nyingine. Jua na kiu baharini si mzaha.

Faida iko wapi?

Watasema mchezo huu ni wa watalii. Leo, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Lakini bahari ni yetu na upepo ni wetu, na kazi ya kufundisha, kuokoa, kukodisha na kutengeneza vifaa hufanywa na aliyejifunza. Hoteli zinapotafuta mwalimu na kumleta kutoka ng'ambo, mara nyingi ni kwa sababu kijana wa hapa hana cheti wala hakupata nafasi. Kaunti za Lamu, Kilifi, Tana River na Garissa, pamoja na kamati za BMU za wavuvi, zingeanza na jambo dogo: mafunzo ya kuogelea na uokoaji kwa vijana, wa kike na wa kiume, katika maji salama ya bahari. Faida yake haiishii kwenye wingifoili. Kijana wa Kotile anayejua kuogelea na kumwokoa mwenzake atarudi nyumbani na elimu ambayo mafuriko yajayo yataihitaji.