Milango ya Seli: Karne Mbili za Kuutafuta Umeme wa Uhai

Wavuvi wa pwani yetu wanamjua bunju. Akinaswa hujivimbisha, na mwenye kumjua hamli, kwa kuwa sumu iliyo katika ini na mayai yake hufisha ganzi midomo, ikalegeza viungo, kisha ikakata pumzi huku akili ya mtu ingali timamu. Wawindaji wa bara nao, Wakamba na Wagiriama miongoni mwao, waliujua msunguti, mti uliochemshwa hadi ukatoa lami nyeusi ya kupaka mishale. Sumu ya kwanza hunyamazisha neva, ya pili huusimamisha moyo. Watu walijua kuzikwepa na kuzitumia tangu zama za mababu. Swali la kwa nini zinaua lilisubiri hadi karne ya 20, na jibu lake ni sehemu ya historia ndefu ya milango ya ioni: protini zilizojipenyeza katika utando wa seli, zinazofunguka na kufungika ili kupitisha sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Bila milango hiyo hakuna wazo, hakuna hatua, wala pigo la moyo.

Historia hiyo ilianzia Bologna, Italia. Mwaka 1791 Luigi Galvani alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa mguu wa chura aliyekufa hurushwa na umeme, naye akashikilia kwamba umeme huo umo ndani ya mnyama mwenyewe. Alipingwa vikali na Alessandro Volta, na mabishano yao yakazaa betri ya kwanza. Hata hivyo, swali la Galvani lilibaki palepale: mwili wenye maji na chumvi unazalishaje umeme?

Mwanga wa kwanza ulitoka London miaka ya 1880. Sydney Ringer, daktari aliyekuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa kifuani, aliona moyo ukiendelea kupiga vizuri katika maji ya chumvi. Kumbe maji hayo yalikuwa ya bomba. Alipotumia maji yaliyotoneshwa, moyo ulidhoofika. Tofauti ilikuwa kalsiamu iliyomo katika maji ya bomba. Mwaka 1902, Mjerumani Julius Bernstein alipendekeza kwamba seli imezungukwa na utando unaopitisha potasiamu, na kwamba tofauti ya ioni kati ya ndani na nje ndiyo chanzo cha umeme wa neva. Wazo lilikuwa zuri, lakini neva nyingi ni nyembamba mno kuliko unywele. Nani angeingiza waya ndani yake?

Ngisi ndiye aliyewapa jawabu. Mwaka 1936 mwanazoolojia J. Z. Young aliwaelekeza wenzake kwenye neva ya ngisi ambayo unene wake hukaribia milimita moja. Kiangazi cha 1939, katika maabara ya Plymouth kusini mwa Uingereza, Alan Hodgkin na mwanafunzi wake Andrew Huxley walipenyeza elektrodi ndani ya neva hiyo na kuupima umeme wake moja kwa moja. Waliona jambo ambalo nadharia ya Bernstein haikulitabiri: neva inaposisimka, umeme wa ndani hauishii kwenye sifuri, bali huvuka na kuwa chanya. Wiki chache baadaye vita vikuu vilizuka, nao wakapelekwa kwenye kazi za kijeshi. Waliporudi walitumia miaka mingine kadhaa kutenganisha mkondo wa sodiamu unaoingia na mkondo wa potasiamu unaotoka. Huxley alikokotoa milinganyo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa kompyuta ya Cambridge haikupatikana wakati huo. Makala zao za 1952 zingali zinafundishwa leo, na mwaka 1963 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Hapo ndipo sumu zilipogeuka zana. Kiini cha sumu ya msunguti, wabaini, kilikuwa kimetolewa kwenye mti huo na mkemia Mfaransa Arnaud mwaka 1888, na jina lake la kitaalamu limetokana na Kisomali. Mwaka 1953, Hans Schatzmann wa Uswisi alionyesha kuwa dawa za moyo za jamii hiyo huzuia seli za damu kusukuma sodiamu nje. Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, alikuwa akichunguza neva za miguu ya kaa. Mwaka 1957 alitangaza kimeng'enya kinachofanya kazi ya kusukuma ioni, na wabaini ukamthibitishia kwamba ndicho chenyewe. Pampu hiyo hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili kila mzunguko, na ubongo hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuiendesha. Skou alipewa Nobel mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Sumu ya bunju nayo ilimfikia Toshio Narahashi, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Mwaka 1964 yeye na wenzake walionyesha kwamba huziba njia ya sodiamu na kuiacha ile ya potasiamu bila kuigusa. Ikawa wazi kuwa njia hizo ni mbili tofauti.

Bado hakuna aliyekuwa ameushuhudia mlango mmoja ukifunguka. Erwin Neher na Bert Sakmann walifaulu mjini Göttingen mwaka 1976. Walibana mdomo mwembamba wa pipeti ya kioo juu ya msuli wa chura na kunasa mkondo wa mlango mmoja, wa kiasi cha sehemu chache za trilioni za ampea moja, ukiwaka na kuzimika ghafla. Mwaka 1984 kundi la Shosaku Numa huko Kyoto lilisoma mfuatano wa amino asidi za mlango wa sodiamu wa samaki wa umeme. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon, aliyeiacha kazi ya udaktari ili afanye utafiti, alionyesha umbo la mlango wa potasiamu wa bakteria, atomu kwa atomu. Umbo hilo lilieleza kwa nini potasiamu hupita haraka na sodiamu, iliyo ndogo zaidi, ikazuiwa.

Wakati huohuo, madaktari walikuwa wakiandika habari za wagonjwa wao. James Parkinson alieleza mtetemeko mwaka 1817. Alois Alzheimer alieleza usahaulifu wa mwanamke mmoja mwaka 1906. Njia hizo mbili, ya maabara na ya wodini, zilikutana polepole. Mwaka 1969 John Olney alionyesha kwamba glutameti, kemikali ambayo neva huitumia kupeana taarifa, ikizidi huziua neva zenyewe. Watafiti waliomfuata walionyesha kuwa kalsiamu inayofurika kupitia milango iliyokaa wazi ndiyo inayoleta maangamizi. Kutokana na elimu hiyo zilipatikana riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ugonjwa wa kudhoofika kwa neva za misuli, na memantine kwa Alzheimer. Zote mbili husaidia kiasi, wala haziponyi. Mwaka 1997 ikabainika kwamba kasoro katika jeni la mlango mmoja wa kalsiamu peke yake huua taratibu seli za ubongo wa nyuma, na mgonjwa hupoteza mizani ya mwendo.

Katika kizazi hiki, kazi ya James Surmeier wa Chuo Kikuu cha Northwestern mjini Chicago inaonyesha taaluma hii inavyodai moyo. Kwa nini Parkinson huua seli fulani na kuwaacha majirani zake? Mwaka 2007 kundi lake lilieleza kwamba seli hizo hupiga mapigo ya umeme mfululizo zikiingiza kalsiamu kila mara, na gharama ya kuiondoa huzichosha. Dawa ya shinikizo la damu, isradipine, huziba mlango huo, na iliwakinga panya. Matumaini yalikuwa makubwa. Watu 336 walishiriki jaribio la miaka 3, na mwaka 2020 matokeo yakatoka: dawa haikupunguza kasi ya ugonjwa. Surmeier hakuacha. Mwaka uliofuata kundi lake lilichapisha utafiti mwingine, uliozama katika mitochondria za seli hizohizo.

Nasisitiza subira hii kwa makusudi. Hodgkin hakuwa akitafuta dawa ya Parkinson, wala Skou hakumchunguza kaa kwa ajili ya wazee wanaosahau majina ya watoto wao. Walipewa nafasi ya kuuliza swali dogo kwa miaka mingi, na tiba ikachipuka kutoka katika elimu ambayo hakuna aliyeiagiza.

Afrika Mashariki haiwezi kukaa pembeni. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katikati ya miaka ya 2000 kati ya watu zaidi ya 160,000. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Wazee wetu wanaongezeka, na mtetemeko au usahaulifu wao bado huitwa uzee au uchawi. Hatutawatibu kwa kungoja dawa zije na meli nyingine. Tunahitaji vyuo vikuu vinavyoajiri mtafiti wa neva kwa miaka 30, si kwa mradi wa miaka 2; maabara zenye umeme usiokatika na vifaa vinavyotengenezeka hapahapa; na wazazi wasiomcheka kijana anayetaka kutumia ujana wake kuchunguza neva ya kaa. Misitu yetu ilikwisha kuchangia zana za sayansi hii. Sasa ni zamu ya watu wetu kuchangia maswali.