Karatasi za Taadhima katika Bonde la Kilombero

Katika desturi zote ambazo michezo ya kisasa imezieneza duniani, iko moja ambayo haijapata kusifiwa kadiri ya haki yake, nayo ni desturi ya kutunza kijitabu chembamba kinachouzwa au kugawiwa mlangoni siku ambayo mchezaji mashuhuri anaenziwa, chenye picha yake, tarehe zake, majina ya wageni wake na mpango wa shughuli tangu mwanzo hata kuagana. Uingereza desturi hii ina mizizi mirefu. Tarehe 28 Aprili 1965, mwanakandanda Stanley Matthews alipoagwa mjini Stoke, akiwa amekwisha kutimiza miaka 50, walikuja kucheza kwa heshima yake Puskás, Di Stéfano na Yashin. Na mtazamaji aliyerudi nyumbani na kijitabu cha jioni ile alirudi na ushahidi kwamba majina yale yalipata kukutana katika kiwanja kimoja.

Lipangalala, kata iliyomo katika mji wa Ifakara, Bonde la Kilombero, ni makazi ya wakulima wa mpunga, na taarikhi ya karatasi za namna hiyo hapa ni taarikhi ya njia. Hafla za kuwaenzi wachezaji zilikuwa Dar es Salaam, na kabla ya reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, safari ya kwenda huko wakati wa masika ilikuwa taabu tupu. Mkimbiaji wetu Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, John Walker akimfuata nyuma, bonde liliisikia fahari hiyo redioni, na sauti haitunziki kashani. Ilipofunguliwa ile njia ya kilomita 1,860 hata Kapiri Mposhi, Ifakara ikawa stesheni, na mtu aliyesafiri kwenda kuwatazama Simba na Yanga akaweza kurudi na kipande cha tiketi, gazeti la asubuhi yake, au kanga yenye rangi za timu yake.

Hafla ambayo kwa maoni yangu ilistahili kuachiwa kumbukumbu ya maandishi katika kila maktaba ya shule ya nchi hii ni ile ya tarehe 13 Aprili 2008. Mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipita Dar es Salaam, mji pekee wa Afrika uliopewa heshima hiyo, ukaanza safari yake katika stesheni kuu ya TAZARA, pale pale wapandapo abiria wa Ifakara, mbele ya Makamu wa Rais, Dkt. Ali Mohamed Shein, kisha ukapokezanwa kwa miguu hata kiwanja kipya cha taifa, Temeke. Miongoni mwa walioushika alikuwamo John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Mexico, alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea, akaingia kiwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Uhabeshi kushinda, hali watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Taifa lilimpa nishani mwaka 1983. Mtu wa namna hiyo anaposhika mwenge hadharani, kila karatasi iliyochapishwa kwa ajili ya siku hiyo ni hati ya taifa.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kusema kwamba watu wa bonde hawana vijitabu vyao. Wanavyo, ila havitolewi kiwanjani, hutolewa msibani. Anapofariki mtu aliyeheshimika, jamaa zake, hasa Wakristo, huchapisha ratiba ya ibada ya mazishi: karatasi iliyokunjwa katikati, mbele ina picha ya marehemu iliyozungushiwa maua, na chini yake tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, ndani zimo namba za nyimbo na wasifu, nyuma ziko shukrani za familia. Katika wasifu huo, baina ya mwaka wa kipaimara na hesabu ya wajukuu, hutokea mstari mmoja usemao kwamba marehemu alichezea timu ya shule au ya wilaya, na kwamba alikuwa golikipa au alicheza namba tisa. Mara nyingi mstari huo ndio maandishi pekee ya sifa zake yaliyopata kuchapishwa, maana magazeti hayakumfikia, na daftari za vilabu vidogo huliwa na mchwa au hupotea katibu anapohama.

Kenya desturi hii ya kumuenzi mchezaji msibani imeonekana kwa adhama kubwa zaidi. Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, alifariki ajalini tarehe 11 Februari 2024, na siku ya mazishi yake, tarehe 23, walikuwapo Rais William Ruto na Sebastian Coe, mkuu wa riadha ya dunia. Na Coe huyo ndiye aliyeivunja rekodi ya Bayi mwaka 1979.

Kandanda yetu nayo ina sikukuu zake, Simba Day tangu 2009 na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, lakini kinachobaki mkononi mwa shabiki ni jezi na picha za simu. Tiketi, ambayo zamani ilikuwa karatasi yenye jina la mechi na tarehe yake, sasa huingizwa katika N-Card, kadi ambayo juu yake haikuandikwa habari ya mechi yoyote.

Kutunza karatasi katika bonde hili kwahitaji bidii. Unyevu wa masika hugandisha kurasa zenye picha, pini hushika kutu na kula mkunjo, na panya hufanya viota. Afadhali kuzing'oa pini na kushona kurasa kwa uzi, kisha kuziweka katika sanduku la bati pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Nyuma iandikwe kwa kalamu ya risasi siku, mahali, na jina la aliyeileta.

Ewe msomaji wa Lipangalala, ukiwa na ratiba ya mazishi ya mchezaji wa zamani, usiiache ikafungiwe maandazi. Itoe nakala, uipeleke shule iliyo karibu nawe, umweleze mwalimu namba aliyoicheza huyo aliyetajwa humo.