Kuinua gari la mizigo Busia na Tororo: usisahau raba ya kugonga

Mvua za Machi hadi Mei zikianza, wachukuzi wanaokusanya mahindi na maharage katika vijiji vya Busia na Tororo huwa na swali moja gereji: gari liinuliwe kiasi gani ndipo lipite kwenye matope? Fuso, Canter na pikapu za Hilux huongezewa majani ya springi au kuwekewa vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, kisha hufungwa tairi kubwa zaidi. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: raba ya kugonga itakaa wapi?

Raba hiyo, ambayo baadhi ya mafundi huiita bampu stopu, ni kipande cha mpira kilichofungwa chini ya chesisi, juu ya ekseli. Gari likiangukia shimo, ekseli hupanda. Springi na shokomzoba, au shokapu kama wasemavyo madereva wa Tanzania, hupunguza kishindo. Nguvu ikizidi, ekseli hugonga raba badala ya kugonga chuma. Kwa hiyo raba ndiyo inayoamua ekseli ipande hadi wapi.

Tuchukue mfano wa pikapu iliyoinuliwa sentimita 5 kwa springi mpya. Raba ikiachwa pale pale, ekseli imepata sentimita 5 zaidi za kupanda kabla ya kuigusa. Siku gari liko tupu uwanjani hutaona tatizo. Siku limebeba magunia na limeingia shimoni, tairi kubwa hugonga madigadi, na shokomzoba ndefu iliyonunuliwa pamoja na springi hujifunga hadi mwisho kabla ya raba kuguswa. Hapo shokomzoba ndiyo inayobeba kishindo chote, kazi ambayo haikutengenezewa. Hupasuka, au hung'oa kishikio chake. Waliotumia vipande vya chuma hupata hasara nyingine: kama raba hugonga ekseli yenyewe, springi hukunjwa kupita kiasi chake na jani kuu huvunjika.

Dawa ni kuishusha raba kwa kuweka kipande cha chuma kigumu kati yake na chesisi, kifungwe kwa bolti. Kwa vipande vya chuma vilivyo kati ya springi na ekseli, hesabu ni rahisi: chuma cha sentimita 5, raba ishuke sentimita 5. Kwa springi mpya, pima. Funga shokomzoba hadi mwisho ukiwa umeishika mkononi, upime urefu wake, kisha hakikisha ekseli itagusa raba zikiwa zimebaki angalau sentimita 2 kabla ya shokomzoba kufika hapo. Inua gurudumu moja moja kwa jeki, usukani ukizungushwa pande zote mbili, uangalie madigadi. Ekseli ikishuka kabisa, tazama pia mpira wa breki: gari likiinuliwa huvutika, na ukikatika ukiwa na mzigo mteremkoni, faida ya msimu mzima imekwisha.

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kuishusha raba mno. Nafasi ikiwa ndogo, gari lenye mzigo hulala juu ya raba safari nzima. Springi hazifanyi kazi, kishindo chote huingia kwenye chesisi, na nyufa huanza pale raba ilipofungwa. Kibaya kuliko vyote ni kuikata raba na kuitupa ili gari "liwe laini". Kwa maoni yangu fundi anayefanya hivyo anakuuzia hasara ya kesho kwa bei ya leo.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika upande unaoingia. Muda uliookolewa pale hauna maana ikiwa gari litalala siku mbili kijijini likisubiri springi.

Majani ya ziada, hata hivyo, hayakupi ruhusa ya kubeba zaidi. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, ekseli moja yenye tairi nne inaruhusiwa tani 10, na lori kubwa kabisa tani 56 kwa jumla. Mizani ya Webuye au Gilgil haihesabu majani. Mwarifu pia wakala wako wa bima kwamba gari limebadilishwa, kabla ya ajali na si baada yake.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, ingia chini ya gari na tochi. Raba yenye alama ndogo za kuguswa imekaa vizuri. Ikiwa imebonyea au imeng'aa kwa kusuguliwa, imeshuka mno. Ikiwa bado ina vumbi lile lile la gereji, na madigadi yana michubuko mipya ya tairi, mrudishie fundi kazi yake.