Kuielezea London bila kuiona: miaka mingi ya Kiingereza katika shule za Urusi

Kiangazi cha 1980 Moscow ilijaa wageni. Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa Julai 19, na ingawa Marekani ilisusia, Waingereza walikuja. Watanzania nao walikuja, wakaondoka na medali mbili za fedha walizozitwaa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Watoto wa shule wa jiji hilo, hata hivyo, wengi hawakuwapo. Wazazi walihimizwa wawapeleke kwenye kambi za chipukizi au kwa bibi zao vijijini mpaka mashindano yaishe. Wanafunzi waliokuwa wamehenya kwa miaka kujifunza kuuelezea Mto Thames, Bunge la Westminster na ukungu wa London, wakawa mbali na mji katika majuma yale yale ambayo Waingereza walikuwa wakikatiza mitaani mwao.

Hali hiyo haikuwashangaza walimu wao. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtoto wa Kirusi alifundishwa Kiingereza ili azungumzie nchi ambazo hakutarajiwa kuzitembelea, mbele ya mwalimu ambaye kwa kawaida naye hakuwahi kuzitembelea. Mtaala ulimtaka ataje miji, mito, sikukuu, waandishi na wanyama wa nchi za mbali. Orodha ya mambo hayo ilibadilika kila Moscow ilipobadili msimamo wake kuhusu dunia ya nje, na anayeifuatilia orodha hiyo anaifuatilia pia historia ya taifa lenyewe.

Mwanzoni Kiingereza kilikuwa nyuma kabisa. Watoto wa matajiri wa enzi ya Tsar walikuzwa kwa Kifaransa, na shule zikafundisha Kijerumani kwa wingi. Mapinduzi ya 1917 hayakuubadili mpangilio huo mara moja, kwani Kijerumani kilikuwa lugha ya Marx na Engels, na walimu wake walikuwepo tayari. Agosti 1932 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti iliagiza kwamba kila anayemaliza sekondari ajue lugha moja ya kigeni. Ajue kwa kiasi gani? Mwanaisimu Lev Shcherba, aliyefariki mwaka 1944, aliona kwamba shule ya kawaida, yenye saa chache na madarasa makubwa, ingefaulu zaidi ikilenga usomaji kuliko mazungumzo. Hoja yake ilikuwa na mantiki: kitabu cha kigeni kingeweza kumfikia mwanafunzi wa Urusi ya Stalin, lakini mgeni wa kuzungumza naye hakuwepo.

Vita Baridi ndiyo iliyokipandisha daraja Kiingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1940 zilianza kufunguliwa shule maalumu za lugha, ambako watoto walianza lugha ya kigeni wakiwa madarasa ya chini badala ya kusubiri darasa la tano. Kisha likaja tamasha la dunia la vijana na wanafunzi, Moscow, mwaka 1957. Vijana wapatao 34,000 kutoka nchi 131 walimiminika mjini kwa wiki mbili, na wenyeji wakagundua kwamba wanajua kutafsiri aya ya gazeti lakini wanakwama kumwelekeza mgeni kituo cha treni.

Mei 1961 Baraza la Mawaziri lilipitisha agizo la kuboresha ufundishaji wa lugha za kigeni. Ndani ya miaka michache zilitakiwa kufunguliwa shule zisizopungua 700 ambamo baadhi ya masomo yangefundishwa kwa lugha ya kigeni. Kuanzia hapo mazungumzo yakapewa uzito ambao hayakuwahi kuwa nao. Katika shule hizo mwanafunzi aliweza kusoma fasihi ya Kiingereza kwa Kiingereza chenyewe, na jiografia ya Visiwa vya Uingereza vivyo hivyo. Nafasi zikawa za kugombewa, na wazazi wenye vyeo walijua pa kugonga hodi.

Walio wengi walibaki katika shule za kawaida, na huko kuzungumza kulimaanisha topiki. Warusi huita hivyo maelezo mafupi ya mdomo, sentensi kumi na tano hivi au ishirini, yanayohusu mada moja: familia yangu, shule yetu, Moscow, London, misimu ya mwaka, mwandishi nimpendaye. Siku ya mtihani vikaratasi vyenye namba vilipangwa mezani kifudifudi. Mwanafunzi alichagua kimoja, akakisoma, akaenda kukaa pembeni kujiandaa, halafu akaitwa mbele. Kimoja kingemtaka asome na kutafsiri kifungu cha maneno, kisha aelezee mada iliyotajwa. Aliyeangukia Uingereza alianza na sentensi ambayo mpaka leo Mrusi aliyesahau Kiingereza chote bado anayo kichwani, ile isemayo kwamba London ndio mji mkuu wa Uingereza. Sentensi hiyo sasa ni kichekesho cha taifa, hutamkwa kwa lafudhi nzito ya makusudi kila mtu anapotaka kujidharau kwa Kiingereza chake.

London ya vitabuni, hata hivyo, ilikuwa London ya kuchaguliwa. Pamoja na Big Ben na Trafalgar Square, mwanafunzi alikutana na kaburi la Karl Marx huko Highgate, na nyumba ya Clerkenwell Green ambako Lenin alihariri gazeti la Iskra mwaka 1902 na 1903. Utamaduni ulikuja kupitia waandishi walioonekana kuwatetea wanyonge: Dickens, Jack London, Theodore Dreiser. Aliyetaka kusoma Kiingereza cha magazeti alikuwa na Moscow News, lililoanzishwa Moscow mwaka 1930 na mwandishi Mmarekani Anna Louise Strong, au Morning Star, gazeti la wakomunisti wa Uingereza, ambalo Muungano wa Kisovieti ulilinunua kwa maelfu ya nakala na kuliuza kwenye vibanda vyake. Kwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu huko Urals, kurasa hizo ndizo zilizokuwa karibu zaidi na Kiingereza hai.

Miaka ya 1970 wataalamu walianza kuhoji kama maarifa hayo ya vipande vipande yanatosha. Mwaka 1973 Yevgeny Vereshchagin na Vitaly Kostomarov walichapisha kitabu kuhusu lugha na utamaduni. Walikuwa wakiwafikiria wageni wanaojifunza Kirusi, lakini hoja yao iliwagusa walimu wa Kiingereza pia: mtu anaweza kuelewa kila neno la sentensi na bado asiuelewe ujumbe, kwa sababu hajui mila, historia na maisha ya kila siku yaliyo nyuma yake. Somo la maarifa ya nchi likapata msingi wa kinadharia, na kamusi zinazoeleza mambo ya Waingereza, kuanzia sikukuu hadi majina ya magazeti, zikaanza kuandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kisovieti. Huko Lipetsk, mtaalamu wa ufundishaji lugha Yefim Passov naye alisisitiza kwamba mtoto hujifunza kuzungumza kwa kuzungumza, akiwa na jambo analotaka kulisema kweli, badala ya kukariri alichoandikiwa na mwingine.

Pa kuzungumzia palikuwa pachache. Shule nyingi na majumba ya chipukizi zilikuwa na klabu za urafiki wa kimataifa, ambako watoto waliandikiana barua na wenzao wa nje na kukaribisha wageni mara mojamoja. Miongoni mwa wageni hao walikuwamo wanafunzi wa Kiafrika, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kufunguliwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Mwaka 1983 Samantha Smith, msichana Mmarekani aliyekuwa na miaka kumi alipomwandikia barua kiongozi wa Kisovieti Yuri Andropov, alialikwa nchini na kukaa katika kambi ya Artek, kando ya Bahari Nyeusi. Televisheni ilimwonyesha akicheza na wenzake wa Kisovieti, na Kiingereza cha baadhi yao kilikuwa safi. Mwaka 1986 ikawa zamu ya Katya Lycheva, mwanafunzi wa Moscow mwenye umri wa miaka 11, kuizuru Marekani na kuielezea nchi yake mbele ya kamera kwa Kiingereza. Ghafla topiki zilipata wasikilizaji.

Mwaka huo huo kinu cha Chernobyl kililipuka, na mada ya mazingira ikachukua sura nyingine. Zamani topiki ya maumbile ilikuwa misimu na hali ya hewa: theluji ya Januari, maua ya Mei, matembezi ya msituni. Mwishoni mwa miaka ya 1980, magazeti yaliporuhusiwa kuandika kuhusu Bahari ya Aral inayokauka na mito iliyochafuliwa, mwanafunzi naye alianza kutakiwa aseme kwa Kiingereza nini kinaharibika na nani azuie.

Ziwa Baikal liliifaa mada hiyo kuliko mahali pengine popote. Lina kina cha mita 1,642, na ni ziwa refu zaidi kwenda chini duniani, likifuatiwa na Tanganyika. Limebeba karibu sehemu moja kwa tano ya maji baridi yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia, na ndani yake anaishi sili wa pekee asiyepatikana kwingine, nerpa. Ukingoni mwake kilisimama kiwanda cha karatasi cha Baikalsk, kilichoanza kazi mwaka 1966 na kupingwa na wanasayansi na waandishi tangu kikiwa kwenye michoro. Kilifungwa mwaka 2013. Mtoto aliyepewa Baikal kwenye mtihani alikuwa na vyote: tarakimu za kutaja, mnyama wa kuhurumia na tatizo la kujadili, tena la nyumbani kwake.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, nchi zilizokuwa za kwenye ramani ya ukutani zikaja zenyewe. British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, ilifungua milango yake mwaka 1992. Mwaka huo huo wakaingia watu wa kujitolea wa Peace Corps wa Marekani, wengi wao wakienda kufundisha Kiingereza mbali na miji mikuu. Karen Hewitt wa Oxford aliwaandikia Warusi kitabu cha kuwafafanulia Uingereza ya watu wa kawaida, wanaolipa kodi ya nyumba na kugombana na majirani, na walimu wengi wakakipokea kama jibu la maswali waliyoyakalia kwa miaka. Upande wa pili, vibanda vya mitaani viliuza vitabu vya topiki zilizokwisha kuandikwa, za kukariri usiku mmoja kabla ya mtihani wa kuingia chuo. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja bila kugombana.

Maelfu ya vijana wa Kirusi walikwenda Marekani kwa programu ya FLEX, iliyoanza mapema miaka ya 1990. Waliishi na familia za huko mwaka mzima wa masomo, na sehemu ya wajibu wao ilikuwa kusimama madarasani na kuwaeleza Wamarekani nchi yao, chakula chake, sikukuu zake na mandhari yake. Programu nduguye, YES, imewahi kuwapeleka wanafunzi wa Kenya na Tanzania kwa mtindo huo huo. Hapo mtoto wa Kirusi aligeuziwa kibao. Aliyezoea kuulizwa kuhusu Thames sasa aliulizwa kuhusu Volga, na wengi waligundua kwamba hawakuwa na msamiati wa kuelezea pilau ya bibi yao, nyumba ya mbao ya shamba wala uyoga unaookotwa msituni vuli ikianza.

Vitabu vya kiada vililishughulikia pengo hilo. Viwango vya elimu vya mwaka 2004 vilishusha lugha ya kigeni hadi darasa la pili, na miaka michache baadaye zikaenea seti kama Spotlight, iliyotungwa na waandishi wa Kirusi wakishirikiana na wa nje. Kila sehemu ina ukurasa wa utamaduni wa nchi zinazozungumza Kiingereza, na mwisho wa kitabu kuna kurasa za Urusi, zikiwa na habari na picha za kumpa mtoto maneno ya kuisemea nchi yake.

Pigo kwa topiki za kukariri lilikuja mwaka 2015, pale mtihani wa taifa wa kumaliza shule ulipoongezewa sehemu ya kuzungumza. Mtahiniwa hakai tena mbele ya mwalimu. Anaingia chumba chenye kompyuta, anavaa vipokea sauti, na kioo kinamwonyesha kazi na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kwanza anasoma kwa sauti kifungu cha sayansi nyepesi, mara nyingi cha wanyama, mimea, bahari au sayari, akipewa dakika moja na nusu ya kujiandaa na nyingine kama hiyo ya kusoma. Kisha anauliza maswali kuhusu tangazo aliloonyeshwa, halafu anazungumzia picha. Sauti yake inarekodiwa na kupelekwa kwa wasahihishaji wasiomjua. Mtihani ulipoanza, sehemu hiyo ilibeba alama 20 kati ya 100.

Ukariri haukufa, ulihamia kwingine. Badala ya kuhifadhi maelezo ya London, wanafunzi walianza kuhifadhi viungio: sentensi ya kusema amechagua picha ya ngapi, ya kusema aliipiga lini na wapi, ya kusema kwa nini ameamua kumwonyesha rafiki yake. Walimu wa masomo ya ziada walivifundisha kwa mpangilio uleule wa zamani, kimoja baada ya kingine, huku saa ikihesabiwa.

Njia za kwenda kuzungumza na wenye lugha, wakati huohuo, zimekuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Peace Corps iliondoka mwaka 2003, baada ya idara ya usalama ya Urusi kudai kwamba baadhi ya wafanyakazi wake wanakusanya taarifa. Urusi ilijitoa kwenye FLEX mwaka 2014. British Council iliamriwa kufunga shughuli zake Machi 2018, katika mzozo uliofuata kupewa sumu kwa jasusi wa zamani wa Urusi, Sergei Skripal, huko Salisbury, Uingereza. Mwaka 2022, baada ya uvamizi wa Ukraine, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza wa IELTS ulisitishwa nchini Urusi.

Darasani somo linaendelea. Mwaka 2022 sehemu ya kuzungumza ya mtihani wa taifa ilibadilishwa tena: mtahiniwa sasa anajibu maswali matano ya mahojiano yaliyorekodiwa, kisha anamwachia rafiki wa kufikirika ujumbe wa sauti kuhusu mradi wao wa pamoja, akilinganisha picha mbili na kutetea kwa nini zinafaa. Kwa wanafunzi wengi wa leo, kama kwa wengi waliowatangulia, msikilizaji wa kwanza wa Kiingereza chao atakuwa msahihishaji Mrusi.