Panya wa Pfeiffer na swali la ubongo

Bandugu, katika mijadala yetu mara nyingi mtu anasema: "Sayansi ilishaonyesha, ubongo wa mwanamke na wa mwanaume haufanane." Tuulize kwanza: ilionyesha nini, na kwa mnyama gani?

Mwaka 1936, huko Marekani, Carroll Pfeiffer alipandikiza korodani ndani ya panya jike waliozaliwa tu. Walipokomaa, hawakutoa mayai. Madume waliotolewa korodani wakiwa wachanga, akawapandikizia ovari, na zile ovari zikatoa mayai. Pfeiffer akasema: tofauti inakaa ndani ya ipofize, ile tezi ndogo chini ya ubongo.

Majaribio yalikuwa mazuri, lakini maelezo njo yalikosea. Mwaka 1952, Geoffrey Harris na Dora Jacobsohn waliweka ipofize ya panya dume chini ya ubongo wa jike. Ikafanya kazi ya kike bila shida. Kumbe tezi inafuata amri. Mwenye kuamuru ni ubongo ulio juu yake, na homoni za siku za kwanza njo zinaupanga.

Hiyo ni panya. Mwaka 1973, Karsch, Dierschke na Knobil walipima nyani wa rhesus. Madume waliohasiwa, wakipewa estrojeni, ipofize yao ilimwaga homoni kwa wingi sawa na ya jike. Sheria ya panya haikushika kwao.

Basi mtu akitaja "sayansi" ili amunyime dada yako nafasi, umuulize: ni panya, ao ni mutu?